Nani anasikia homoni? Ubongo wa mifugo, toka abatwari mpaka ku mbuzi zetu



Mfugaji akijua tu kama umesoma agronomia ao veterinere, swali lake la kwanza ni karibu lile lile, awe mtu wa Kipushi, wa Kasenga ao wa njia ya Kasumbalesa: "Kuko sindano gani ya kufanya mbuzi abebe mimba haraka?" Na wengi wetu tunajibu mbio mbio, juu tulisoma protokole ku faki: siku ya kwanza homoni hii, siku ya saba ile, siku ya tisa tena. Mfugaji anatoa makuta. Mara ingine mimba inakuja, mara ingine hapana. Ikikosa kuja, tunalaumu dawa, ao tunasema umeme ulikatika na frigo ikapata joto.

Leo ninaleta historia, juu ndani ya historia hii njo tunaweza kupata jibu la kweli kwa yule mfugaji. Kwa kifupi ni hivi. Homoni ni barua. Barua haifanyi kitu kama hakuna mwenye kuisoma. Mwenye kuisoma ni kipokezi, kile tulichosoma kwa jina la reseptere: protini inayokaa juu ya seli ao ndani yake, yenye umbo la kushika homoni moja na kuacha zingine zipite. Na vipokezi vinavyoamua kama mnyama atazaa ao hatazaa, vingi viko mu ubongo.

Kuvipata kulichukua karibu miaka 80. Na sehemu kubwa ya hiyo kazi haikufanyika ku panya wa labo. Ilifanyika ku kondoo, ku nguruwe, ku ngombe na ku mbuzi. Njo maana hii historia ni ya kwetu, sisi watu wa mifugo.

1. Kondoo waliovuka ikweta

Tuanze Cambridge, Uingereza. Mtu mmoja, F. H. A. Marshall, alikuwa amekwisha kuandika mu 1910 kitabu kikubwa juu ya fiziolojia ya uzazi. Miaka ya 1930 alirudia swali ambalo wafugaji walilijua tangu zamani. Kondoo wa Ulaya wanaingia joto wakati wa mwaka siku zinapofupika, ili wana wao wazaliwe wakati majani yanaanza kuota. Sasa ukipakia kondoo mu meli na kumvusha ikweta, inakuwa je? Mu 1937 Marshall aliandika juu ya wanyama waliohamishwa hivyo: baada ya muda wanageuza kalenda yao yote, wanafuata jua la kule walikofika.

Fikiria vizuri. Ovari haina macho. Haijui kama siku ni ndefu ao fupi. Kama jua linabadilisha kazi ya ovari, basi habari inapita njia ya macho, inaingia mu ubongo, na ubongo njo unashusha amri. Mu 1949 Yeates alionyesha tena wazi zaidi: aliweka kondoo chini ya taa, akageuza urefu wa mchana, na majira ya joto ya kondoo yakageuka nayo.

Barua inayobeba habari ya usiku ilipatikana mu 1958, na aliyeipata hakuwa anatafuta mambo ya uzazi hata kidogo. Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Yale, Marekani, alikuwa anatafuta kitu kinachobadilisha rangi ya ngozi. Alikusanya tezi za pineali za ngombe kwa maelfu na maelfu toka machinjio, akatoa ndani yake homoni aliyoiita melatonini. Tezi hiyo inaitoa usiku tu: usiku mrefu, melatonini ya muda mrefu. Kisha watafiti wakaanza kuuliza nani anaisoma. Vipokezi vyake vilionekana kwa wingi ku sehemu ya juu ya hipofizi, ile tezi ndogo inayoning'inia chini ya ubongo, na vingine ndani ya hipotalamusi, sehemu ya ubongo iliyo juu yake tu. Mu 1998 kikundi cha Benoît Malpaux, ku Nouzilly, Ufaransa, kilionyesha kwamba ku kondoo jike sehemu ile ya hipotalamusi njo inayohesabika kwa mambo ya majira ya uzazi.

Sasa tujiangalie sisi. Cambridge iko juu kabisa kaskazini: kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka kuko tofauti ya karibu masaa 9. Lubumbashi iko karibu digrii 11 na nusu kusini ya ikweta: tofauti yetu haifike hata saa moja na nusu. Mbuzi wa kwetu ana tezi ile ile, melatonini ile ile. Lakini barua anayoipata mwezi wa sita na ile anayoipata mwezi wa kumi na mbili zinafanana karibu neno kwa neno. Ndiyo sababu mbuzi za inchi za joto zinaweza kuzaa mwezi wowote wa mwaka. Kitabu kikikuambia "msimu wa uzazi", uliza kwanza kiliandikiwa mbuzi wa wapi.

2. Barabara ya damu

Ubongo unatoa amri, sawa. Lakini amri inashuka njia gani mpaka ku hipofizi, ambayo njo inatuma LH na FSH ku ovari?

Wengi walitafuta mishipa ya fahamu, na upande wa mbele wa hipofizi hawakupata ya kutosha. Geoffrey Harris, Mwingereza, akasema: amri inashuka mu damu. Kati ya hipotalamusi na hipofizi kuko mishipa midogo midogo sana ya damu, na ubongo unamwaga ndani yake kemikali zake. Mu 1952, yeye na Dora Jacobsohn walitoa hipofizi ya panya, wakaipandikiza. Ikiwekwa chini ya hipotalamusi, karibu na ile mishipa, mnyama anarudia kufanya kazi yake ya uzazi. Ikiwekwa sehemu ingine ya ubongo, inabaki hai lakini inanyamaza. Mu 1955 Harris alitoa kitabu kilichokusanya hoja yake yote.

Lakini watu wakubwa wa wakati ule walikataa. Solly Zuckerman alimpinga kwa miaka. Na swali lao lilikuwa la haki: hiyo kemikali iko wapi? Tuonyeshe.

3. Vichwa vya abatwari

Hapa njo historia inaingia mu machinjio, mu abatwari kama tunavyosema.

Roger Guillemin, mzaliwa wa Dijon, Ufaransa, na Andrew Schally, mzaliwa wa Poland, walifanya kazi pamoja Houston, Texas, toka 1957 mpaka 1962. Kisha wakaachana, wakawa washindani wakali. Guillemin alishika kondoo, Schally akaenda New Orleans na kushika nguruwe. Kemikali ya ubongo ni kidogo mno: hipotalamusi moja haina hata ya kuonja. Njia pekee ilikuwa kukusanya. Machinjio ya Marekani yaliwapa vipande vya ubongo kwa malaki, na kwa jumla kwa mamilioni. Vipande ambavyo wachinjaji wa kule walivihesabu kama takataka, hawa wawili walivisaga, wakavichuja, wakavichuja tena, mwaka baada ya mwaka.

Mu 1969 walipata ya kwanza, TRH, inayoamuru tezi ya shingo. Upande wa Guillemin, hipotalamusi karibu 300,000 za kondoo zilitoa miligramu 1 tu. Miligramu moja, bandugu! Mu 1971 kikundi cha Schally, pamoja na Wajapani Hisayuki Matsuo na Akira Arimura, kikatoa ile inayotuhusu: GnRH, homoni inayoamuru LH na FSH. Zilihitajika hipotalamusi za nguruwe zaidi ya 160,000. Ikaonekana kuwa ni mnyororo mfupi wa asidi amino 10. Kikundi cha Guillemin kikafikia mnyororo ule ule kwa upande wa kondoo. Mu 1977 wote wawili walipewa Nobel, pamoja na Rosalyn Yalow aliyefungua njia ya kupima homoni mu damu.

Mushike jambo hili: GnRH ya nguruwe, ya kondoo, ya mbuzi, ya ngombe na ya mutu ni moja. Asidi amino 10 zile zile, kwa mpangilio ule ule. Njo maana chupa moja ya veterinere inaweza kutumika ku wanyama mbalimbali. Lakini hapo hapo swali jipya linatokea. Kama barua ni moja kwa wote, kwa nini ngombe wa Wisconsin, kondoo wa Scotland na mbuzi wa Kasenga hawajibu sawasawa?

4. Kugonga mlango, apana kuuvunja

Walipopata GnRH, watu walifikiri mambo yamekwisha: piga sindano nyingi, uzazi utaongezeka. Ikaenda kinyume.

Mu 1978, Ernst Knobil na wenzake, Marekani, walichukua nyani wa kike ambao hipotalamusi yao ilikuwa imeharibiwa, haitoi tena GnRH. Wakawapa GnRH mara moja kila saa: LH na FSH zikarudi. Wakawapa ile ile dawa bila kukatika: LH na FSH zikaanguka. Juu ya nini? Juu kipokezi cha hipofizi kinataka kugongewa, kisha kuachwa kipumzike. Ukikisonga bila kupumzika, seli inavuta vipokezi vyake ndani na kufunga masikio. Leo madaktari wanatumia jambo hilo kusudi: dawa za jamii ya GnRH zinazokaa mwilini muda mrefu zinazima homoni za uzazi ku wanaume wenye kansa ya prostati. Dawa ya kuwasha ikawa dawa ya kuzima.

Lakini je, ubongo wenyewe unagonga hivyo kwa asili? Mu 1982, Australia, Iain Clarke na Cummins walifanya kazi ngumu sana: walichukua damu ya ile mishipa midogo ya Harris ku kondoo jike aliye macho, amesimama, na saa ile ile damu ya shingo. Wakaona GnRH inatoka kwa mapigo, na pigo la LH linafuata nyuma. Hoja ya Harris ikapata ushahidi ndani ya mnyama mzima, na mnyama mwenyewe alikuwa kondoo.

Kwa hiyo yule anayeuza wazo kwamba "dozi mbili ni nzuri kupita dozi moja", mumukumbushe mwaka 1978.

5. Seli isiyosikia

Sasa tunafika ku fumbo ambalo mimi ninalipenda kupita yote.

Ovari inatoa estrojeni. Wakati yai limekomaa, estrojeni inapanda, inafika ku ubongo, na ubongo unamwaga GnRH kwa nguvu: LH inapanda sana, yai linatoka. Kipokezi cha estrojeni kilianza kujulikana toka kazi ya Elwood Jensen, Chicago, mwisho wa miaka ya 1950. Basi kila mtu alifikiri: seli za GnRH njo zina kipokezi hicho. Inaonekana rahisi.

Mu 1993 Michael Lehman na Fred Karsch waliangalia ubongo wa kondoo jike wa Suffolk. Walitia rangi seli za GnRH, wakatia rangi ingine ku vipokezi vya estrojeni. Rangi mbili hazikukutana. Kumbe seli inayotoa amri ya uzazi haisikii estrojeni! Ni sawa vile mkubwa wa ofisi asiyejua kusoma barua: anangoja mtu amsomee. Msomaji ni nani?

Kwa miaka 10 hakuna aliyemjua. Jibu likatoka mahali pasipotazamiwa. Mu 1996, ku Hershey, Pennsylvania, watafiti wa kansa walikuwa wamepata jeni wakaiita KISS1, kwa heshima ya chokoleti ya mji ule, Hershey's Kisses. Mu 2003 vikundi viwili, kimoja cha Paris na kimoja cha Boston, vilikuwa vinachunguza familia ambazo watoto wao hawaingii utu uzima, hawabalehe. Wakakuta kosa moja: kipokezi kinachoitwa GPR54 kimeharibika. Na homoni inayosomwa na GPR54 njo ile inayotoka ku jeni ya KISS1: kisspeptini.

Watu wa kondoo wakarudi mbio ku labo. Mu 2006, Nouzilly, ikaonekana kwamba ku kondoo jike, karibu seli zote za kisspeptini za sehemu moja ya hipotalamusi, inayoitwa arkuate, zina kipokezi cha estrojeni. Msomaji akapatikana. Estrojeni inasomwa na seli ya kisspeptini, nayo inaenda kumwambia seli ya GnRH. Mu 2007 Robert Goodman na wenzake wakaonyesha, tena ku kondoo, kwamba seli hizo za arkuate zinabeba barua tatu kwa mara moja: kisspeptini, nyurokinini B na dinofini. Moja inasukuma, moja inawasha, moja inazima. Leo tunaelewa kwamba hapo njo mapigo ya Clarke na ya Knobil yanatengenezwa. Mwaka ule ule Alain Caraty na wenzake wa Nouzilly walitia kisspeptini mu kondoo walio nje ya msimu wao, na mayai yakatoka.

Kondoo alikuwa tayari kwa kila kitu: ovari nzuri, hipofizi nzuri, GnRH ndani ya seli. Kilichokosa ni mtu wa kugonga mlango.

6. Kabete: ngombe wa nundu na saa ya mfukoni

Mpaka hapa nimetaja Ulaya, Marekani na Australia. Lakini jambo moja la maana lilionekana karibu na kwetu, mapema sana, na bila labo kubwa. Twende Kenya, nchi, apana commune yetu ya Kenya.

Kenya ilianza kupandisha ngombe kwa mbegu ya kuhifadhi mu 1935, na mu 1946 kituo cha taifa cha kazi hiyo kikafunguliwa Kabete, karibu na Nairobi. Katika miaka ile, mtafiti wa Kabete, J. Anderson, alifuata ngombe za zebu na machotara wa zebu na ngombe wa Kizungu, akapima joto lao linadumu masaa mangapi. Matokeo yake yalitoka mu 1944: joto la zebu ni fupi, masaa machache tu, fupi kupita lile la machotara.

Tuweke hilo pembeni ya kile tulichosoma ku faki. Vitabu vyetu vinasema ngombe anakaa ku joto karibu masaa 12 mpaka 18, na kwamba ukimwona asubuhi unampandisha jioni. Kanuni hiyo ni ya ngombe wa Ulaya. Mwenye zebu akipita ku zizi mara mbili kwa siku, joto linaweza kuanza na kuisha kati ya ziara yake moja na ingine, na ataandika: "ngombe huyu hana joto." Kumbe alikuwa nalo.

Kwa nini ni fupi? Estrojeni ya zebu ni kidogo? Mu 1978, Texas, Rhodes na Randel walitoa ovari za ngombe za aina tatu: Brahman, ambaye ni jamii ya zebu, Hereford wa Uingereza, na machotara yao. Kisha wakawarudishia estrojeni kwa dozi walizopima wenyewe. Sasa barua ni sawa kwa wote. Lakini Brahman walijibu kidogo kupita Hereford: tabia ya joto ilikuwa dhaifu. Tofauti haikuwa ndani ya homoni. Ilikuwa upande wa yule anayeisoma, mu ubongo.

Hilo njo jibu la swali la sehemu ya tatu. Barua moja, wasomaji mbalimbali. Protokole maarufu ya Ovsynch, ile ya GnRH, siku saba, prostaglandini, siku mbili, GnRH tena, ilitolewa mu 1995 na Pursley, Mee na Wiltbank wa Wisconsin, kwa ngombe wa maziwa wa kule, wanaokula vizuri kila siku ya Mungu. Ni kazi nzuri sana. Lakini ukiibeba paka vile mpaka ku ngombe wa nundu mwenye mbavu za kuhesabika, mwezi wa tisa, umebeba barua bila kuuliza kama msomaji yuko nyumbani.

Na kuko sababu moja rahisi ya kukosa. Prostaglandini kazi yake ni kuvunja mwili wa njano, corps jaune tuliyosoma, ule unaobaki ku ovari yai likitoka. Jike aliyenyamaza kwa njaa hana mwili wa njano. Hakuna cha kuvunja. Dawa ni nzima, frigo ilikuwa nzima, mpigaji ni fundi. Lakini hakuna aliyesikia.

7. Vitu viwili ambavyo ubongo unasikia bila sindano

Kitu cha kwanza ni dume. Mu 1944, Underwood na wenzake, Australia ya Magharibi, waliandika kwamba ukitenga kondoo dume mbali na majike, kisha ukimrudisha, majike wengi walionyamaza wanaingia joto pamoja. Wafugaji walilijua, lakini siri haikujulikana. Mu 2014 Wajapani wa kikundi cha Yuji Mori, wakitumia mbuzi wa aina ya Shiba, walikusanya harufu ya nywele za kichwa cha dume na kutafuta ndani yake. Wakapata kemikali moja, 4-etilioktanali. Jike akiinusa, ile mashine ya mapigo ndani ya hipotalamusi yake inaongeza kasi saa ile ile. Na kemikali hiyo ikikutana na hewa inageuka kuwa kitu kingine, ambacho njo harufu kali ya beberu tunayoijua sote. Kwa hiyo harufu inayotufanya tukunje pua ni mabaki ya barua iliyoandikiwa ubongo wa jike.

Kitu cha pili ni chakula. Mu 1994 labo ya Jeffrey Friedman, New York, ilipata leptini, homoni inayotoka ku mafuta ya mwili na kuambia ubongo akiba iko ngapi. Mu 2010 kikundi cha Iain Clarke, yule yule wa mapigo ya 1982, kilionyesha kwamba seli za kisspeptini za kondoo jike zina kipokezi cha leptini, na kwamba ku kondoo waliokonda jeni ya kisspeptini inafanya kazi kidogo. Munaona sasa duara linafungwa? Seli ile ile inayosoma barua ya ovari inasoma pia barua ya mafuta. Akiba ikiwa ndogo, ubongo unasema: mwaka huu hatubebi mimba, tutakufa wote wawili, mama na mtoto. Mnyama huyo hana ugonjwa. Ubongo wake unahesabu vizuri.

Hapa Haut-Katanga mvua inakatika mwezi wa nne, majani ya miombo yanakauka, kisha moto wa pori unapita. Mwezi wa nane na wa tisa jike anatembea mbali kwa majani kidogo, na wengi wao bado wananyonyesha. Kalenda ya mbuzi zetu haiandikwe na jua kama ile ya Cambridge. Inaandikwa na mvua, kupitia tumbo, kupitia mafuta, mpaka ku ile seli ya arkuate.

8. Basi, tutamujibu mfugaji nini?

Homoni si mbaya. Kwa shamba lenye majike wanene, wanaozunguka vizuri, na mwenye kutaka kupandisha wote siku moja kwa mbegu nzuri, zinasaidia kweli. Lakini kwa yule anayetuuliza sindano ya mbuzi 10 waliokonda, jibu la uaminifu linafuata utaratibu huu.

Kwanza, shika mgongo wa jike kwa mkono. Mifupa ikichoma vidole, makuta ya sindano yaende ku chakula: majani ya karanga yaliyokaushwa wakati wa mavuno, pumba za mahindi, matembele, chumvi. Wiki mbili ao tatu za kula vizuri kabla ya kukutana na dume ni barua ambayo seli ya kisspeptini inajua kuisoma.

Pili, dume asilale na majike mwaka mzima. Atengwe karibu mwezi moja, mbali, wasimuone, wasimunuse. Kisha arudi. Jike anayezunguka tayari hatabadilika sana, lakini yule aliyenyamaza anaweza kuamka.

Tatu, kwa ngombe wa nundu, mtu aangalie hata usiku na alfajiri, apana asubuhi na jioni tu.

Nne, kama vyote hivyo viko sawa, njo tuongee mambo ya homoni.

Kwa wadogo wetu wa memwari: wengi munaacha mada za uzazi juu munasema hatuna labo ya kupima LH, hatuna darubini ya kuona vipokezi. Ni kweli, vitu hivyo ni vya bei. Na kichwa cha mbuzi, ambacho kwa Guillemin kilikuwa takataka ya machinjio, kwetu ni chakula, kinauzwa. Lakini Anderson wa Kabete alifanya kazi inayosomwa mpaka leo kwa macho, saa na daftari. Tarehe za kuzaa za mbuzi wa kijiji kimoja, mwezi kwa mwezi, pamoja na unene wa majike na mvua iliyonyesha. Masaa ya joto la ngombe wa nundu, usiku na mchana. Idadi ya mbuzi walioingia joto baada ya dume kurudishwa: hizo ni mada tatu, na hakuna hata moja inayohitaji frigo.

Wenye mbuzi kati yetu waanze na hiyo ya kwanza. Mwezi wa kumi na mbili tutaleta daftari zetu pamoja, tuangalie tarehe zinasema nini.